Mkono Uliokatwa Pichani

Nyie mliolala na taa wiki nzima kwa sababu ya ile cherehani, haya, zimeni sasa. Umeme si wa bure.

Tuliwaacha pabaya, najua. Mama, fundi wa nguo za kike, alikuwa amekaa dirishani na karatasi ambayo muuza vifungo alifungia bidhaa yake. Karatasi yenyewe ilikuwa tangazo la jumba la sanaa, lile la umma, lililoko mji wa pili, ng'ambo ya mto. Kwenye tangazo kulikuwa na picha iliyochorwa, na kwenye picha kulikuwa na msichana. Mama akaisogeza karatasi mpaka ikagusa pua. Akasema, "Huyu ni Pindo."

Pindo ni binti yake wa katikati. Walishamzika.

Na papo hapo, nyuma yao, cherehani ya Pindo, ambayo haijaguswa tangu mazishi, ikalia: trrrrr!

Hapo ndipo nilipokata, mkanitukana. Sasa sikilizeni. Halikuwa jini. Lilikuwa guu la Kaka Mkubwa.

Kaka Mkubwa, mkata nguo wa kiwanda hicho cha chumba kimoja, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa amerudi kinyumenyume alipoiona ile picha, akaangukia kiti cha marehemu, mguu ukatua kwenye kanyagio.

"Ni mguu wangu," alisema. Jasho lilimtoka kama aliyebeba gunia.

"Mguu sawa," alisema Kifungo, kitinda mimba wa nyumba, msichana mwenye macho ya paka na mdomo wa kasuku. "Na huu uzi je?"

Wote wakageuka. Sindano ya ile cherehani ilikuwa imetungwa uzi. Mwekundu, mpya, hauna hata vumbi.

"Nani kautunga?" aliuliza Kifungo, sauti imeshuka.

"Mimi," alisema Mama. "Huwa naubadilisha kila ukichakaa."

"Mama! Wewe juzi umeupita mlango ukaingia kabatini!"

"Mlango siujui kama ninavyolijua tundu la sindano ya mwanangu. Hilo nalipata kwa kidole."

"Unaubadilisha wa nini, Mama?"

"Mtu akirudi amechoka, asianze kuhangaika na uzi."

Kaka Mkubwa akasimama. "Mama, nilimleta mimi mwenyewe. Nilimzika kwa mikono hii."

"Ulimzika, baba. Sikatai. Mimi ndiye sikumwona."

Na kweli hakumwona. Kwa wageni wetu wa wiki hii, nawapa kwa kifupi, msije mkaniuliza njiani. Pindo alikwenda mji wa pili kusomea kutarizi. Siku ya kurudi likizo, basi lilitumbukia mtoni pale darajani. Kaka Mkubwa ndiye aliyekwenda chumba cha maiti kumtambua, akarudi na jeneza lililofungwa. Mama akaomba lifunguliwe kidogo tu, aingize mkono. Akaingiza bahasha yenye picha zote za Pindo, kuanzia ya utotoni akiwa hana meno, akamlaza nazo kifuani. Kwa hiyo nyumba ile haina picha hata moja ya yule msichana. Zote ziko chini ya saruji.

Na sasa macho ya Mama yanafunga. Daktari wa macho hakumficha: kile unachotaka kukiona, kione sasa. Orodha ya Mama ilikuwa na kitu kimoja.

"Jumapili," alisema, akiikunja ile karatasi taratibu. "Jumapili tunakwenda kumwona."

Mipango ikaanza hapo hapo, maana nyumba ya mafundi haijui kukaa bure. Kifungo apige simu aulize milango inafunguliwa lini. Kaka Mkubwa atafute gari la kukodi, kwa kuwa Mama aliapa hatapanda basi juu ya daraja lile hata akifa na hamu yake. Mama mwenyewe atashona.

"Ushone nini tena?" aliuliza Kifungo.

"Nguo za kwendea. Nikamwone mwanangu na gauni la kushindia? Atasema nini?"

"Mama, ni picha. Haisemi."

"Wewe ndiye usiyesema ya maana."

Kaka Mkubwa hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye meza yake ya kukatia, chaki mkononi, hachori.

"Kule wanakwenda wasomi," alisema. "Tutasimama kama tumekuja kudai."

"Ni jumba la umma," alisema Kifungo. "Umma ni sisi. Halafu mimi nimemaliza sekondari."

"Uliimaliza au ilikumaliza?"

"Tulimalizana. Sababu nyingine?"

"Daraja."

Kifungo akafunga mdomo. Hiyo ilikuwa sababu.

"Nitafumba macho," alisema Mama. "Si yanafunga yenyewe?"

"Picha yenyewe pengine imeshaondolewa. Matangazo haya hukaa miaka."

"Kaka," alisema Kifungo, "mtu akisikia wewe unavyoongea atadhani humtaki dada."

Chaki ikavunjika mkononi mwake. Hakuiokota.

Hebu niwape siri ya nyumba hii kabla hatujasonga, kwa sababu mtaihitaji. Watu hawa hawaangalii sura. Wanaangalia mshono. Ukipita mbele ya mlango wao hawasemi fulani kapita, wanasema, "Ile kola iliyolala upande imepita." Mteja akibadilisha gauni, wanamuuliza jina upya. Kaka Mkubwa aliwahi kusimama kwenye kamba ya jirani, akaliamkia koti lililoanikwa, "Shikamoo mzee." Koti halikuitikia. Akaja nyumbani kulalamika kwamba mzee siku hizi ana maringo.

Walicheka hadi wakalia siku hiyo. Pindo ndiye aliyecheka zaidi.

Basi. Siku zikasogea, na nyumba ikaanza mambo yake.

Kwanza alikuja mke wa mchinja nyama. Mnamjua mke wa mchinja nyama? Mwanamke aliyeshiba, akiingia chumbani chumba kinasogea. Alikuja kuchukua sketi yake, akaingia nyuma ya pazia kuijaribu. Tukasikia kuhema, kusukumana, kitu kikatoa sauti kama karanga imepasuka.

"Fundi!" alipiga kelele. "Umenipima mimi au mwanangu?"

Sketi haikuvuka magoti.

Kaka Mkubwa akasema samahani, nimekosea kukata, nitakata nyingine. Binadamu hukosea. Lakini mchana uleule akaja mwalimu wa chekechea kwa blauzi yake, haikufunga. Kisha muuza maziwa naye gauni lake likamkaba kwapani. Watu watatu wenye maumbo matatu, na nguo zote zimekataa.

Kifungo akazichukua, akatoa futi shingoni, akapima. Kiuno kimoja. Bega moja. Urefu mmoja.

Pembeni ya chumba kuna sanamu ya kupimia nguo, kiwiliwili kisicho na kichwa, ambacho Mama amekataza kisiguswe tangu mazishi. Kimebaki na vipimo vya mtu wa mwisho kushonewa. Kifungo akaivalisha ile sketi. Ikaingia. Akaivalisha blauzi. Ikaingia. Hakuna mkunjo, hakuna pengo, kama mtu anavaa ngozi yake.

Mke wa mchinja nyama, ambaye umbea ulimrudisha dukani, akauliza, "Na hii saizi ni ya nani?"

Mama alikuwa ameinua mkono, anaipapasa ile sanamu begani, kama unavyomwamsha mtoto wa kwenda shule.

"Kaka," Kifungo alinong'ona, "wiki nzima unamkatia Pindo."

"Sikujua," alisema Kaka Mkubwa. Na uso wake ulionyesha kweli hakujua. "Nachora vipimo vya mteja. Mkasi ndio unaokwenda kwingine."

Mimi ningefunga duka. Wao walikuwa na nguo za Jumapili za kumaliza.

Kifungo akaona bora apige ile simu sasa, mambo yaishe. Namba ilikuwa kwenye tangazo, na tangazo Mama alikuwa amelihifadhi chini ya mto wake. Akalichukua, akalikunjua, akaganda.

Karatasi ilikuwa nyembamba.

Si kwamba imechanika. Upande wa kulia, pale picha ilipoishia, palikuwa pamekatwa. Mkato safi, umenyooka, bila hata jino moja.

"Panya," alisema Kaka Mkubwa haraka, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Panya gani ana mkasi wa kukatia kitambaa?" alisema Kifungo. "Hapa palikuwa na kitu. Palikuwa na..." Alifumba macho akumbuke. "Palikuwa na mkono. Ukingoni mwa picha, karibu na Pindo, kulikuwa na mkono wa mtu mwingine. Begani kumevimba, rangi ya njano."

"Piga simu yako," alisema Kaka Mkubwa, akageukia pasi.

Kifungo akapiga. Akaweka spika ili Mama asikie, simu ikawekwa mezani katikati ya vifungo.

"Jumba la sanaa, karibu," ilisema sauti ya mwanamume mchangamfu. "Mimi ni mlinzi wa ukumbi. Wa mapokezi kaenda kula, kwa hiyo leo mimi ndiye mapokezi, ndiye mkurugenzi, ndiye kila kitu."

"Hongera kwa cheo," alisema Kifungo. "Jumapili mnafungua?"

"Tunafungua. Kiingilio hakuna. Masharti: usiguse, usile, usimbusu mtu mchorwa."

"Watu hubusu?"

"Bibie, ningeandika kitabu."

Mama akaisogelea simu, akaongea kwa nguvu, kama watu wa umri wake wanavyosaidia mtandao. "Mwanangu, mimi macho yangu mabovu. Nitaruhusiwa kusogea karibu?"

"Shikamoo mama. Kuna kamba mbele ya picha, hauivuki."

"Marahaba. Kamba? Mmemfunga kamba?"

"Hajafungwa mtu, mama. Ni ya kuzuia watu. Lakini ukija niite mimi, nitaangalia pembeni kidogo. Picha ipi hiyo?"

"Ile ya kwenye tangazo lenu," alisema Kifungo. "Ya msichana."

"Msichana?" Mlinzi akafikiri. "Aa, ile ya wasichana wawili!"

Pasi ikasimama.

"Wawili?" alisema Kifungo.

"Wawili. Kwenye tangazo waliiweka ukingoni, mmoja akakatika. Subirini, niko nayo hapa hapa, nasogea. Haya. Wamekaa juu ya kitanda, kama chumba cha bweni. Mmoja kavaa shati jeupe limempwaya. Mwingine kavaa gauni la njano, mabegani limevimba, chini lina pindo pana. Gauni kali sana hilo. Wanacheka."

Mama alikuwa ameweka mkono moyoni. "Hilo gauni nililishona mimi. Nilimtumia siku yake ya kuzaliwa. Kwenye karatasi niliona uso tu, nguo macho hayakufika, lakini mwanangu ni huyo wa njano."

"Sawa mama. Mzuri sana."

"Ana kovu kidevuni. Alianguka na ndoo."

Mlinzi akasita. "Hapana, mama. Mwenye kovu kidevuni ni huyu wa shati jeupe."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikapanda chumbani. Hakuna aliyegeuka.

"Angalia tena," alisema Mama.

"Naangalia, mama. Kovu liko kwa huyu. Na kibao chini kinasema jina la picha ni 'Kuazimana'. Nadhani walibadilishana nguo wakachorwa hivyo hivyo. Wasichana si mnawajua."

Kifungo aliruka, akanyanyua pasi. Shuka la kupigia pasi lilikuwa limebaki na alama nyeusi. Kaka Mkubwa alisimama mikono imening'inia, anaiangalia simu kama nyoka.

"Kaa," Mama alimwambia.

Akakaa.

"Wewe ndiye uliyekata ile karatasi."

"Ndiyo, Mama."

"Uliuona mkono wa gauni langu kwenye bega la mtu mwingine."

"Ndiyo."

"Sasa niambie. Siku ile, walipokufunulia, uliona nini?"

Kaka Mkubwa akasema, "Walifunua miguuni kwanza. Nikaona njano. Nikaligeuza pindo. Mshono wako, Mama, ule wa kurudi nyuma kila baada ya hatua, hakuna mwingine anayeushona. Nikasema ni yeye."

"Na uso?"

"Yule mhudumu wa chumba cha maiti aliniuliza. 'Huangalii uso?'"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia sina haja."

Sina haja! Wasomaji wangu, mtu mwingine yeyote duniani, mpiga randa, mfua vyuma, mwizi wa kuku, angeangalia uso. Ila huyu alikuwa mtoto wa fundi. Kwake pindo lilitosha kabisa.

Kifungo ndiye aliyeelewa wa kwanza, akashika ukuta. "Kwa hiyo dada..."

"Hayumo," alisema Mama. Akainuka. Uso wake ulianza kufunguka, taratibu, kama dirisha lililokwama miaka. "Hayumo mle. Niliwaambia. Si niliwaambia? Uzi niliutunga bure? Mwanangu hayumo mle!"

"Haloo?" iliita simu mezani. "Mpo? Mimi nasikia mengi yasiyonihusu, lakini salio ni lenu."

"Tupo!" alisema Kifungo, anacheka na kulia kwa pamoja. "Tupo, kaka, tunakuja! Tuandalie kiti mbele ya hiyo picha!"

"Benchi lipo. Ila wahini, maana lina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Kuna mama mmoja. Mtu mzima. Huja hapa, hukaa mbele ya hii picha mpaka tunafunga. Anasema huyu wa gauni la njano ni binti yake. Alipanda basi la kuvuka daraja kwenda kumtembelea rafiki, hajarudi. Anasema akirudi atapitia hapa kujiangalia, kwa hiyo anamsubiria hapa hapa." Wakamsikia mlinzi akisogea mbali, akashusha sauti. "Mimi huwa simwambii kitu. Utamwambia nini?"

Kile kicheko cha Kifungo kilikatika kama uzi uliooza.

Nani basi aliyelala chini ya saruji ile? Nani waliyekuwa wakimfagilia kaburi, wakimpandia maua, wakimlilia kila mwaka ulipozunguka? Na picha zote za Pindo, ya kipara, ya sare za shule, ya kwanza kuvaa viatu virefu, ziko kifuani mwa nani?

Ile furaha ya Mama ilikuwa haijatimiza hata umri wa kupiga chafya. Ilifia usoni pake, wakiiona.

"Mama," Kaka Mkubwa alisema haraka, kwa sauti ya chini, "kata simu. Tumtafute Pindo kwanza. Kama yuko hai, tumpate. Hayo mengine..."

"Yapi mengine?"

"Ya watu."

"Ya watu yako kwenye kaburi langu!" Mama alipiga meza, vifungo vikamwagika sakafuni. Kisha akainama kwenye simu, akaongea polepole. "Mwanangu. Huyo mama, yupo hapo sasa?"

"Yupo, mama. Kakaa."

"Nipe niongee naye."

"Mama, usifanye hivyo," alisema Kifungo. "Si kwa simu."

"Nipe."

Wakasikia nyayo zikipita kwenye ukumbi mkubwa, kila hatua na mwangwi wake. Wakamsikia mlinzi akisema, "Mama, simu yako." Wakasikia mtu akishangaa, "Yangu? Mimi nani anipigie?"

Kisha sauti nyembamba, kavu, ya adabu. "Haloo?"

"Hujambo, mwenzangu," alisema Mama.

"Sijambo, mwenzangu. Nani wewe?"

"Mimi ni fundi. Hilo gauni la njano nililishona mimi."

"Oo!" Ile sauti ikachangamka ghafla, ikawa ya msichana. "Mikono yako ibarikiwe! Mwanangu alilipenda hilo gauni! Aliliazima kwa rafiki yake akagoma kulivua, akaondoka nalo. Mwenzangu, umemwona?"

Mama alifungua mdomo.

Hebu nijibuni nyie mnaojua kila kitu, mnaoniandikia kwamba wahusika wangu hawana akili. Ungesema nini? Ungeanzia wapi? Kifungo alikuwa anamtikisia mama yake kichwa, Kaka Mkubwa ameziba masikio kwa mikono miwili, na Mama yuko pale, maneno yote ya dunia yamemkimbia.

"Sikusikii vizuri," ilisema sauti ya ng'ambo. "Masikio yangu na simu hayaelewani. Ngoja nikupe mwanangu mwingine huyu, ndiye anayenishika mkono kuja hapa. Rafiki yake binti yangu. Wangu aliposafiri, huyu akahamia kwangu kunilea. Kila siku ananiambia, mama vumilia, mwenzangu yuko njiani. Shika, mwanangu, uliza kama wamemwona."

Simu ikahama mikono. Ikasikika pumzi.

"Haloo?"

Neno moja tu hilo. Kifungo alianguka kwenye kiti. Kaka Mkubwa, mwanamume na ndevu zake, alitoa sauti ya mtoto aliyebanwa mlangoni. Nyumba ile ya watu wa kutambua vitambaa, siku hiyo walimtambua mtu bila hata uzi mmoja.

"Pindo," alisema Mama.

Pumzi ile ikakatika, ikarudi kwa shida. Nyuma yake, mbali kidogo, yule mama mwingine alikuwa anauliza kwa matumaini yake yote, "Wamemwona? Eh? Wamemwona?"

"Pindo, mwanangu, ni mimi."

Kisha ile sauti, sauti ya binti yake wa kumzaa, ikasema kwa utulivu, tena haikuwa inamwambia yeye.

"Hapana, mama. Wamekosea namba."

Simu ikakatwa.

Kaka Mkubwa ndiye aliyesema wa kwanza, machozi yamelowesha ndevu. "Anajua. Miaka yote hii anajua nani kafa, na anamficha yule mama. Mama, tukienda akatuona, atakimbia. Tutampoteza mara ya pili."

Mama alikuwa anapapasa ukutani kutafuta mtandio wake.

"Umenisikia, Mama? Atakimbia!"

"Akimbie. Mimi namwendea yule aliyekaa kwenye benchi."

"Jumapili?"

"Leo. Kaite gari."

"Na daraja?"

"Kaite gari, nimesema!"

Alikuwa ameshafika mlangoni, mkono mmoja begani kwa Kifungo, simu ilipoanza kuita. Namba ileile ya jumba la sanaa. Iliita ikitetemeka juu ya meza, ikisogea yenyewe kuelekea ukingoni. Kaka Mkubwa akanyoosha mkono.

"Usipokee," alisema Mama.

"Huenda ni yeye!"

"Ni yeye. Ndiyo maana. Ataniomba nisije. Na yule mtoto, tangu azaliwe, sijawahi kumnyima kitu."